Tairi la Bei ya Wastani: Tulichague kwa Kipimo Gani?

Mwenye gari wa Tanga anapokwenda dukani kununua matairi, kwa kawaida huuliza mambo mawili: bei yake ni kiasi gani, na limetoka nchi gani. Akishajibiwa, hulibonyeza kwa kidole gumba, hutazama urefu wa meno yake, kisha hutoa fedha. Desturi hii si ya kipuuzi. Meno marefu ni dalili ya maisha marefu, na jina la nchi limekuwa kwa miaka mingi kielelezo pekee cha ubora ambacho mnunuzi wa kawaida aliweza kukielewa. Lakini kwa hali ya hewa na barabara za mwambao wetu wa kaskazini, kuanzia Horohoro mpakani hadi Pangani, pamoja na za milima inayoutazama mwambao huo, vipimo hivyo havitoshi, na mara nyingine hupotosha. Rai yangu ni kwamba mtu mwenye fedha za kununua tairi la bei ya wastani asitangulize urefu wa meno, wala ulaini, wala ukimya. Atangulize mshiko katika lami iliyolowa. Na kabla ya hilo, upya wa tairi lenyewe.

Sehemu ya tairi inayogusa barabara kwa wakati mmoja haizidi sana ukubwa wa kiganja cha mkono. Gari lenye abiria watano likiteremka kutoka Lushoto kwenda Mombo, safari ya kilomita kama 30 ambamo barabara hushuka takriban mita 1,000 kona baada ya kona, hutegemea viganja vinne tu vya mpira. Mpira nao hushika kwa namna mbili. Kwanza, hunata kwenye uso wa jiwe. Kunata huko hupungua sana maji yanapoingia katikati. Pili, hubonyea juu ya vijiwe vya lami kisha hurudi katika umbo lake, lakini haurudishi nguvu yote uliyopewa. Sehemu inayopotea hugeuka joto, na upotevu huo ndio unaosaidia kulizuia gari. Namna hii ya pili ndiyo inayobaki kututetea mvua inaponyesha, nayo hutegemea zaidi mchanganyiko wa mpira kuliko urefu wa meno. Kazi ya meno na mifereji yake ni nyingine, yaani kuyatoa maji.

Hapo ndipo ilipokuwa shida ya wahandisi kwa muda mrefu. Mpira unaopoteza nguvu nyingi hushika vizuri, lakini huongeza matumizi ya petroli. Mpira usiopoteza nguvu huokoa petroli, lakini huteleza penye maji. Kwa miongo mingi kitu kikuu kilichochanganywa na mpira ili kuuimarisha kilikuwa masizi, ambayo ndiyo yanayolipa tairi weusi wake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Michelin ya Ufaransa ilileta sokoni matairi ambayo sehemu kubwa ya masizi hayo ilibadilishwa na silika, madini ya jamii moja na mchanga mweupe, yaliyosagwa mno na kufungwa kwenye mpira kwa kemikali maalumu. Mchanganyiko huo ulipunguza upotevu wa nguvu tairi linapobingirika, bila kuupunguza pale tairi linapokwaruza vijiwe wakati wa breki. Ufundi ulioanza katika matairi ya bei kubwa umeshuka tangu wakati huo, na leo unapatikana katika matairi mengi ya bei ya wastani. Kwa sababu hiyo siungi mkono usemi unaosikika mara kwa mara kwamba kati ya tairi la bei ghali na lile la bei rahisi kabisa hakuna kitu cha maana.

Sasa tuyaangalie maji. Katika miaka ya 1960 watafiti wa shirika la NASA la Marekani, wakichunguza ndege zilizoteleza viwanjani, walionyesha kwamba mwendo ambao gurudumu huanza kuelea juu ya maji hulingana na kipeuo cha pili cha upepo uliomo ndani yake. Kwa hesabu yao, gurudumu lenye upepo wa pauni 32 kwa inchi ya mraba huelea kwenye mwendo wa karibu kilomita 94 kwa saa. Likiwa na pauni 20 tu, huelea kwenye kilomita kama 75. Hesabu hiyo inahusu gurudumu lisiloweza kuyatoa maji, yaani tairi kipara, au tairi lililokutana na dimbwi lenye kina kuliko mifereji yake. Basi dereva atokaye Segera kuja Tanga wakati wa masika, akiwa na matairi yaliyolika na upepo pungufu, anaweza kupoteza usukani katika mwendo ambao yeye mwenyewe anauona kuwa wa kiungwana. Tairi jipya la gari dogo huwa na mifereji ya kina cha milimita 8 hivi. Alama ndogo zilizoinuka ndani ya mifereji huonyesha milimita 1.6, ambacho ndicho kiwango cha chini kisheria katika nchi za Ulaya. Kwa mvua zetu mimi ningelibadilisha likifika milimita 3.

Isitoshe, si lazima mvua iwe kubwa. Manyunyu ya kwanza baada ya kiangazi, yakichanganyika na mafuta yaliyodondoka, unga wa matairi na vumbi, kama lile la chokaa na saruji karibu na Pongwe, hufanya utando unaoteleza kuliko mvua ya saa nzima. Mifereji haisaidii sana hapo. Kinachosaidia ni mchanganyiko wa mpira, na dereva mwenye kupunguza mwendo.

Mnunuzi atauliza: nitaujuaje mchanganyiko mwema, ikiwa matairi yote ni meusi? Jawabu limeandikwa ubavuni, ila tumezoea kusoma ukubwa tu. Matairi mengi ya magari madogo, hata yaliyotengenezwa Asia, huwa na maandishi yanayotakiwa na sheria ya Marekani. Neno TRACTION hufuatwa na herufi AA, A, B au C, nalo huhusu uwezo wa kusimama kwa kunyooka katika uso uliolowa. Neno TEMPERATURE hufuatwa na A, B au C, na huonyesha uwezo wa kustahimili joto la mwendo. Neno TREADWEAR hufuatwa na namba ya uimara wa meno, ambayo ni ulinganisho tu na tairi la mfano lililopewa 100. Si idadi ya kilomita, kama baadhi ya wauzaji wanavyoeleza. Tairi lenye namba kubwa sana ya uimara na herufi B ya mshiko ndilo ninalolikataa kwa Tanga. Lenye A katika mshiko na A katika joto, hata kama namba ya uimara ni ya wastani, ndilo ninaloliafiki. Lami yetu wakati wa jua la mchana inaweza kupita nyuzi 50 za Sentigredi, hivyo herufi ya joto si pambo.

Umoja wa Ulaya nao, tangu Novemba 2012, umetaka kila tairi jipya liwe na karatasi yenye madaraja ya matumizi ya petroli na mshiko kwenye maji, pamoja na kipimo cha kelele. Lebo hiyo ilipoanza, ilielezwa kwamba tofauti kati ya daraja la juu na la chini la mshiko, gari likifunga breki kutoka kilomita 80 kwa saa, ingeweza kufika mita 18. Huo ni urefu wa magari madogo manne. Matairi mengine yanayofika kwetu bado yana karatasi hiyo. Yafaa kuisoma kabla haijabanduliwa na kutupwa.

Nimesema upya hutangulia. Mpira huzeeka hata usipotumika. Oksijeni na ozoni ya hewani hukata na kukaza minyororo ya chembe zake, na joto huharakisha kazi hiyo. Tairi lililokaa miaka katika ghala la bati mjini kwetu halizeeki sawa na lililokaa katika nchi ya baridi. Likishakauka hushika kidogo, hunguruma zaidi, na nyaya zake za chuma zinaweza kuachana na mpira katikati ya safari. Tarehe ya kutengenezwa imo katika tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2323 ni juma la 23 la mwaka 2023. Tairi lililofikisha miaka mitano lichunguzwe na fundi kila mwaka; la miaka kumi liondolewe, hata kama meno yake yamesimama kama mapya.

Hii ndiyo hoja yangu dhidi ya tairi la mtumba lenye jina kubwa. Magari mengi yanayofika kwetu yakiwa yametumika Japani huja na matairi yake, na mengine ubavuni yameandikwa STUDLESS. Hayo ni matairi ya barafu. Mpira wake umelainishwa makusudi ili usigande katika baridi iliyo chini ya nyuzi 7 hivi, na meno yake yamekatwa-katwa vijistari vyembamba. Mnunuzi hulibonyeza, huliona laini, husifu jinsi linavyomeza mashimo. Katika joto letu meno hayo huyumba, hulika upesi, na gari huchukua nafasi ndefu zaidi kusimama. Ulaini wa kidole gumba umempotosha.

Inasikitisha kidogo kuzungumza haya katika mkoa wenye historia ya mpira. Wajerumani walipanda mipira mingi katika nchi ya Muheza na Usambara kabla bei haijaanguka mwaka 1913, na baadaye shamba la Kihuhwi lilihusishwa na kiwanda cha General Tyre cha Arusha, kilichoanza kutoa matairi mwaka 1971 na kusimama mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii. Tairi la Arusha halikuhitaji kuvuka bahari ili kumfikia mnunuzi. Sasa kwa sehemu kubwa tunategemea meli na maghala, na kusoma tarehe kumekuwa kazi ya mnunuzi.

Kuhusu starehe na ukimya nitasema machache, kwa kuwa vingi vinavyodhaniwa kuwa sifa za tairi ni sifa za ukubwa wake, upepo wake na barabara. Tairi la 195/65 R15, lililo la kawaida katika saluni nyingi za Japani, lina ubavu wa milimita 127. Vijana wakiweka ringi 17 na tairi la 225/45, gurudumu zima hubaki na kimo kilekile, lakini ubavu hupungua hadi milimita 101. Milimita hizo 26 zilizopotea ndizo zilizokuwa zikimeza kingo za mashimo. Hakuna jina la kampuni litakalozirudisha. Na namba ya desibeli iliyo katika lebo ya Ulaya hupima kelele inayosikika nje, kwa mpita njia. Hairejelei masikio ya aliyekaa ndani. Kwenye lami ya kokoto iliyomwagwa juu, barabara yenyewe ndiyo hupiga kelele kubwa. Mngurumo unaoongezeka taratibu kadiri miezi inavyopita mara nyingi hutokana na meno yaliyolika upande kwa sababu magurudumu hayakunyooshwa, na wako wenye magari waliobadilishiwa beringi nzima bure kwa kosa la tairi.

Wapo watakaosema kwamba dereva wa teksi hawezi kumudu falsafa hii, kwa kuwa yeye huhesabu kilomita. Nakubali kwamba mtu ambaye kazi yake ni katika barabara za changarawe na mawe anahitaji ubavu mgumu kwanza. Lakini kwa anayekimbia lami, tofauti ya bei ya tairi linaloshika na lisiloshika, ikigawanywa kwa safari za miaka mitatu, ni ndogo kuliko taa moja ya mbele na bampa.

Napendekeza kila duka la matairi, pale linapobandika bei, litakiwe pia kubandika kwa Kiswahili juma na mwaka wa kutengenezwa, daraja la mshiko katika maji, na uzito ambao tairi linaweza kubeba. Shirika la Viwango Tanzania ndilo lenye sauti ya kuliamuru jambo hili. Gharama yake ni karatasi na kalamu.

Mwenye fedha za matairi mawili tu ayafunge nyuma, kinyume cha desturi yetu ya kuyaweka mbele. Magurudumu ya mbele yakiteleza, dereva huhisi usukani umekuwa mwepesi na huweza kupunguza mwendo. Ya nyuma yakiteleza kwenye kona yenye maji, gari huzunguka kabla hajafahamu. Na tairi la akiba, ambalo huzeeka kimya likiwa limelala katika buti, lina tarakimu zake nne pia. Zisomwe siku hiyohiyo.