Barua ya wazi kwa Kamishna wa Bima: siku 45 zihesabiwe tangu lini?

Ndugu Kamishna,

Nakuandikia kwa ajili ya watu ambao hawajawahi kukata bima ya gari maishani mwao, ila wameumizwa na gari lenye bima. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inamtaka kila mwenye gari awe na angalau bima ndogo, ile inayomlinda mtu wa tatu. Mtu huyo wa tatu ni mpita njia, abiria wa bodaboda, mtoto anayevuka kwenda shule. Kampuni haijui, wakala hamjui, na siku anapowahitaji amelala wodini.

Mdogo wangu ni mama ntilie hapa Morogoro. Gari dogo liliacha njia likamfuata pembeni alikokuwa akiosha masufuria, likamvunja paja. Amewekewa chuma. Stika ya gari ilikuwa hai. Tuliihakiki kwa simu kwenye mfumo wa mamlaka yako, na kwa hilo nawashukuru kwa dhati. Dereva alikiri kosa mahakamani, akalipa faini, akaenda zake. Faini ile iliingia serikalini, majeruhi hakupata hata senti. Majirani walituambia kesi imeisha, na naamini wengi wenye haki kama yake huishia hapo hapo, kwa kutojua kwamba fidia ni dai lingine kabisa.

Tukapeleka madai kwenye kampuni ya bima ya gari hilo. PF3 ikapokewa. Baadaye ikatakiwa ramani ya ajali. Tulipoipeleka, ikatakiwa ripoti ya ukaguzi wa gari, kisha nakala ya hukumu ya trafiki, kisha ripoti mpya ya daktari kwa sababu ile ya kwanza imekuwa ya zamani. Ilikuwa mpya tulipoikabidhi. Imezeekea mezani kwao.

Utaratibu unaitaka kampuni ilipe ndani ya siku 45 baada ya nyaraka kukamilika. Lakini anayesema nyaraka zimekamilika ni yule yule anayetakiwa kutoa fedha. Akiziomba moja moja, siku ya kwanza haifiki kamwe. Wakati huo huo ile miaka 3 ambayo sheria inampa majeruhi kufungua shauri la madhara inaendelea kukatika, na anayesubiri kwa uvumilivu ndiye anayeumia zaidi.

Hatimaye aliitwa asaini. Shilingi milioni moja na nusu, na chini yake, kwa Kiingereza, maneno kwamba amepokea malipo yote na hatadai tena chochote kutokana na ajali hiyo. Hapakuwa na mstari hata mmoja ulioeleza kiasi kile kimepatikanaje. Tulipouliza kuhusu kipato alichopoteza, tukaambiwa alete hati ya mshahara. Mama ntilie! Ana daftari la wateja wanaokula kwa mkopo, lenye madoa ya mafuta kila ukurasa, na ana risiti za mchele anaonunua kwa jumla. Hakuna aliyelifungua. Daktari ameandika pia kwamba huenda akahitaji upasuaji mwingine wa kukitoa kile chuma, na gharama hiyo haikuhesabiwa popote. Hakusaini.

Mfanyakazi akiumia kazini, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi una kanuni: ulemavu unapimwa kwa asilimia, na malipo yanafuata kipimo hicho. Anayegongwa barabarani anategemea ukarimu wa afisa madai, au aende mahakamani na wakili atakayemlipa kwa sehemu ya fidia yenyewe. Sioni kwa nini mguu wa mtu aliyeajiriwa uwe na hesabu na wa mama ntilie ukose.

Ndugu Kamishna, ofisi yako inaweza kuzielekeza kampuni. Naomba majeruhi apewe orodha yote ya nyaraka kwa maandishi siku anayofungua dai, na siku 45 zianze siku anapokabidhi ya mwisho kwenye orodha hiyo. Kikiongezwa kitu baadaye, kisisimamishe hesabu. Kiasi kinachotolewa kiambatane na mchanganuo: matibabu, kipato, maumivu, ulemavu. Kwa asiye na hati ya mshahara, daftari lake, risiti zake na barua ya mtendaji wa mtaa vipokewe kama ushahidi. Karatasi ya kufunga dai iwe ya Kiswahili, na mtu aruhusiwe kwenda nayo nyumbani akaisome na watu wake kabla ya kutia saini. Na mfumo ule ule unaotuonyesha kama stika ni hai umwonyeshe majeruhi dai lake limefika meza gani.

Nakala ya barua hii, pamoja na faili la mdogo wangu, naipeleka kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Faili lina kila karatasi tuliyoombwa, na tarehe tuliyoikabidhi.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwananchi, Morogoro