Maua Yahesabuyo Usiku

Mama mmoja wa pande za Kabale ametuletea barua ya kurasa 3, nayo imejaa uchungu. Mwaka jana alinunua miche 12 ya krisanthemumu kwa mwuza maua wa kando ya barabara, akaipanda mbele ya baraza, akaipa samadi na maji bila ya kukosa. Alikusudia kuyachuma maua hayo siku ya kuwakumbuka marehemu, tarehe 2 Novemba, ayaweke juu ya kaburi la mama yake mzazi. Miche ilistawi, ikafika kimo cha kiuno, majani yakawa ya kupendeza; lakini hata ua moja halikutokea. Siku ilipowadia alikwenda makaburini na maua ya kuomba kwa jirani, ambaye miche yake, iliyotoka kwa mwuzaji yule yule na kupandwa nyuma ya jiko, ilikuwa imechanua tele ingawa ilikuwa mifupi. Sasa bwana wake ameamua mimea hiyo ing'olewe na mahali pake papandwe viazi. Mama anauliza: je, nimetupiwa kijicho, au nilidanganywa na mwuzaji?

Wala hili wala lile. Kabla ya kumjibu tulimwuliza jambo moja tu: je, barazani kuna taa? Akajibu kwamba ipo, na kwamba bwana wake aliitia baada ya wezi kuiba baiskeli, nayo huwaka tangu magharibi hadi alfajiri. Basi, ndugu wasomaji, mwizi wa maua ndiye huyo.

Katika nchi za Ulaya, Japani na Marekani ya Kaskazini kuna majira ambayo majani ya miti hugeuka manjano na mekundu, kisha hupukutika. Baadhi ya waandishi wetu huyaita majira hayo vuli, jambo ambalo limenisumbua siku zote, kwa kuwa vuli tunayoijua sisi ni mvua inayoleta majani, si baridi inayoyaondoa. Wenye bustani wa huko hawapendi kuona bustani ikifa mapema. Kwa hiyo hupanda mimea ya kudumu ambayo hukaa kimya wakati wenzake wanachanua, kisha huja mwishoni na rangi zake: asta za zambarau, anemone za Kijapani, dalia zenye asili ya Meksiko, na juu ya yote krisanthemumu, ua lililolimwa Uchina tangu kale na kufika Ulaya mwishoni mwa karne ya 18. Ufaransa na Ubelgiji hilo ndilo ua la makaburini mwanzoni mwa Novemba, hata mgeni mwenye adabu hathubutu kumpelekea mwenyeji wake shada lake.

Watu wengi hudhani kwamba ua hili huamshwa na baridi. Sivyo. Mwaka 1920 wataalamu wawili wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, Garner na Allard, walitangaza matokeo ya uchunguzi wao juu ya aina ya tumbaku iliyokataa kuchanua katika siku ndefu. Walikuwa wakiiingiza mimea katika kibanda chenye giza na kuitoa kwa saa walizozipanga wenyewe, wakaona kwamba mmea hupima urefu wa siku. Mwaka 1938 wataalamu wengine, Hamner na Bonner, walionyesha kwamba kinachopimwa hasa ni usiku: giza likikatizwa katikati kwa mwanga wa muda mfupi, mmea huhesabu kana kwamba usiku ule ulikuwa mfupi.

Krisanthemumu, kwa kadiri, hutaka usiku unaozidi saa 10 na nusu ndipo ifanye vitumba. Uholanzi, mwezi Juni, usiku ni kama saa 7 na nusu tu; kwa hiyo mmea hurefuka na kungoja mpaka Agosti, usiku unapoanza kuwa mrefu, na maua huja kati ya Septemba na Novemba. Kwetu sisi tunaokaa karibu na ikweta, usiku hukaribia saa 12 mwaka mzima. Maana yake ni kwamba ua hili, kwa hesabu yake, huona kila mwezi kuwa ni mwezi wa kuchanua. Ndiyo sababu miche ya jirani ilitoa maua ingali mifupi: haikupewa nafasi ya kukua. Na ndiyo sababu miche ya mama yetu, iliyolala chini ya taa, ilikua na kukua bila ya kuchanua. Mbalamwezi haina nguvu ya kuihadaa; balbu iliyo karibu inayo.

Wakulima wa maua walio karibu na Ziwa Viktoria, hapa Uganda, wanalijua sana jambo hili. Vipandikizi vya krisanthemumu wanavyovipeleka Ulaya sharti viwe bila ya kitumba, kwa hiyo huwasha taa mabandani usiku kwa makusudi. Taa inayomliza mama wa Kabale ndiyo inayowapa wao riziki.

Sasa, mama, usiing'oe miche hiyo. Nusu ya kazi imekwisha kufanywa na taa ya bwana wako, kwani unayo mashina marefu yenye nguvu ambayo jirani yako hana. Kata kila shina libaki kama sentimita 15 kutoka ardhini, uache machipukizi mapya yaje. Yakifikia urefu wa kiganja na vidole, ikate ncha ya kila moja ili yatoe matawi, na baada ya majuma matatu au manne uikate tena ncha ya kila tawi. Yote haya yafanyike taa ingali inawaka. Ifikapo katikati ya Agosti, acha kukata, na uanze giza. Tangu siku hiyo hesabu majuma 8 hadi 10 kwa aina nyingi; aina nyingine huhitaji hata 12, na baridi ya milimani huweza kuchelewesha kidogo.

Kuhusu giza lenyewe, sitaki kuleta ugomvi nyumbani. Wezi wapo, na bwana ana sababu yake. Mwombeni fundi aifunike taa kwa kipande cha bati upande wa maua, mwanga uelekee langoni. Ikishindikana, hamisha miche nyuma ya nyumba mapema, pamoja na udongo wa mizizi yake, mwezi Juni au Julai, uinyweshe sana kwa kuwa huo ni wakati wa ukame, na utandaze nyasi kavu juu ya udongo. Lakini kule nyuma giza litaanza mara moja, na maua yatatangulia siku unayoitaka. Ndiyo maana nauona ule ushauri wa bati kuwa bora.

Maji yamwagwe chini, si juu ya majani, maana majani yaliyolowa hupatwa na kutu nyeupe. Jani lenye vipele vyeupe upande wa chini lichomwe. Vidukari huondolewa kwa maji ya sabuni. Matawi yakilemewa, yaegemeze kwa vijiti. Baada ya miaka miwili moyo wa shina huchoka: chukua machipukizi ya pembeni, sentimita 7 au 8, yasiyo na kitumba, uyapande katika mchanga uliochanganywa na udongo, kivulini, na kwa muda wa majuma mawili au matatu yatakuwa na mizizi.

Walio na taa za barabarani wasizoweza kuzifunika, wasihangaike na krisanthemumu. Mlima Elgon una mmea wake wa kudumu wenye majani marefu membamba na mashina yanayobeba maua ya rangi ya machungwa kama mienge. Ni wa jamii ya nifofia, na wataalamu wameupa jina la Joseph Thomson, msafiri aliyepita nchi ya Wamasai mwaka 1883 na 1884. Waingereza huupanda bustanini mwao ili wapate rangi wakati majani yao yanapokaribia kupukutika, ilhali sisi tulio jirani nao twaagiza maua ya kwao. Mmea huo usichimbwe mlimani, ambako umehifadhiwa. Uulizieni kwa wenye vitalu, nanyi mkiupata, mpeni mahali penye jua na pasipotuama maji.

Na wewe mama, kabla hujamwita fundi wa bati, toka nje usiku utazame taa ya jirani wa upande wa pili. Kama kivuli chako chaonekana juu ya majani, hiyo nayo itahitaji kuzungumziwa.