KOPO LA SINDANO LA MAMA NALO NI MIRATHI

Na Mwalimu wa Fiqhi, Manzese



Wanafunzi wapenzi na wazazi watukufu, waalimu tukipewa nafasi katika jarida hili aghlabu huandika juu ya swala na saumu. Mwaka huu naomba ruhusa niandike juu ya kopo la biskuti. Ndani yake mna sindano, mkasi, kastabini ya chuma, futi ya fundi iliyofutika namba, vifungo visivyofanana na vipande vya khanga. Lilikuwa la marehemu mama yangu, Mwenyezi Mungu (s.w.) amrehemu. Nataka kusema kwamba kopo kama hili lina thamani mbili, ya sokoni na ya moyoni, na kwamba dini yetu haikudharau hata moja.

Mama alikuwa fundi. Alikuwa na cherehani ya mkono, akaketi nayo kibarazani kushona sare za shule, kanzu za watoto na mifuko ya misahafu. Watoto wengi wa mtaani kwetu walikwenda chuoni na mfuko wake begani, uliounganishwa kwa mabaki ya nguo za wateja. Hakutupa kipande. Ukimuuliza alikuonyesha: hiki ni cha khanga ya arusi ya binti fulani, hiki cha jirani aliyehamia Mbagala, hiki cha bibi yako. Mfuko mmoja ulibeba mtaa mzima.

Alipofariki tulibaki warithi wanne: mimi, kaka yangu na dada zetu wawili. Baba na wazazi wa mama walikwishatangulia mbele ya haki. Siku ya nne baada ya maziko, kaka aliiuza cherehani kwa mnunuzi wa vyuma chakavu kwa shilingi 25,000. Alisema ni chuma kikuukuu, kinajaza chumba bure. Dada yetu mdogo, aliyefundishwa kushona kwenye cherehani ile ile, alirudi akakuta mahali pake pamebaki alama sakafuni. Alikaa chini akalia. Na mimi mwenye stashahada ya elimu ya Kiislamu nilimwambia nini? Nilimwambia, "Nyamaza mdogo wangu, ni kitu tu." Neno hilo nalijutia hadi leo.

Nalijuta kwanza kwa upande wa sheria. Surat An-Nisaa, katika aya ya 7, imeweka wazi kwamba wanaume wana fungu na wanawake wana fungu katika kilichoachwa, kiwe kidogo au kingi. Basi sindano imo. Baada ya gharama za maziko, madeni na wasia, kilichobaki ni cha warithi wote kwa pamoja, wala hakuna mmoja mwenye ruhusa ya kukiuza bila ridhaa ya wenzake, hata awe mkubwa wao.

Sasa tazameni hesabu, enyi mnaosoma mirathi. Fundi mmoja alituambia cherehani ile isingepungua shilingi 60,000. Mali yote ya mama, pamoja na thamani hiyo, ilikuwa shilingi 360,000. Watoto wa kiume wawili na wa kike wawili ni mafungu 6: kila mwanamume mawili, kila mwanamke moja. Fungu moja ni shilingi 60,000. Haki ya dada ilikuwa sawasawa na bei ya cherehani! Wanavyuoni wanayo njia waliyoiita takharuji, yaani mrithi kupatana na wenzake achukue kitu maalumu badala ya sehemu yake. Kwa mashauriano ya muda mfupi dada angeondoka na cherehani ya mama, nasi tungechukua vyetu, wala asidhulumiwe mtu.

Wapo watakaosema, "Ustadh, hayo ni mapenzi ya dunia. Muumini hafungi moyo wake kwenye vitambaa." Nawajibu kwa habari mbili. Katika Sahih Bukhari, Sahl bin Saad (r.a.) anasimulia juu ya mwanamke aliyemletea Mtume (s.a.w.) vazi alilolifuma kwa mkono wake ili alivae, naye akalipokea akiwa na haja nalo. Sahaba mmoja aliliomba, akapewa. Watu walipomlaumu alieleza kwamba amelitaka liwe sanda yake, na ikawa hivyo. Na katika Sahih Muslim imo habari ya juba la Mtume (s.a.w.) lililokuwa kwa Bibi Aisha (r.a.) mpaka alipofariki, kisha dada yake Asmaa (r.a.) akalichukua na kulitunza. Baraka ya vazi la Mtume ni yake, hatuilinganishi na ya mtu mwingine. Lakini tunajifunza kwamba nguo iliyotoka kwa mpenzi wako kuitunza si upuuzi.

Hapa Manzese tuna mtihani wetu. Tumezungukwa na mitumba, na nguo inaweza kununuliwa kwa bei ya sahani ya wali. Ndiyo maana kazi ya mkono tunaiona haina maana. Mchukueni kijana anayechagua kofia nje ya msikiti. Kofia ya mkono, kama zinazoshonwa Unguja na Lamu, na ambayo ndugu zetu wa Oman huiita kumma, hutobolewa tundu moja moja na kila tundu huzungushiwa uzi. Huweza kuchukua wiki nyingi mpaka ikamilike. Pembeni yake ipo ya mashine, nyeupe vilevile. Simlaumu anayenunua ya mashine, kwani kila mtu na mfuko wake. Namlaumu anayeikuta ile ya babu sandukuni akaifanya tambara la kufutia pikipiki.

Hata hivyo tusivuke mpaka upande wa pili. Machozi hayampi mtu umiliki. Dada angeificha cherehani kwa sababu tu anaipenda, naye angekosea kama kaka. Wala kumpenda marehemu si kufungia vitu vyake kabatini mpaka vipate kutu na kuliwa na mende. Cherehani huheshimiwa kwa kushonewa.

Kwa hiyo nina nasaha tatu. Kwanza, wazazi, semeni mkiwa hai. Ukitaka binti fulani apate cherehani yako, mpe na umkabidhi sasa, bila kuwaonea wengine, kwa maana wasia kwa mrithi haupiti ila warithi wenzake waridhie. Pili, mkifiwa, asiuze mtu kitu kabla hamjaandika vyote, pamoja na makopo ya uvunguni. Mali bila daftari hupotea bila habari. Tatu, wanafunzi, kaeni na bibi zenu mjifunze mshono hata mmoja. Na wavulana msiseme ni kazi ya wanawake. Mafundi wengi wa barabarani ni wanaume, na Bibi Aisha (r.a.) amesimulia kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akishona nguo yake mwenyewe nyumbani.

Kaka alipoelezwa alikiri kosa, na shilingi 60,000 zikahesabiwa kwenye fungu lake. Tuliitafuta cherehani kwa mnunuzi yule, ikawa imekwishavunjwa. Kopo lilikuwa limesalia uvunguni. Sote wanne tuliridhia dada mdogo alichukue. Mwaka jana alimshonea binti yangu mfuko wa juzuu, akatia katikati kipande kimoja cha khanga kutoka humo. Mtoto aliniuliza ni nguo ya nani. Sikujua, na wa kumuuliza hayupo tena.

Ninyi mnaye wa kumuuliza. Muulizeni jioni hii.

Wabillahi tawfiq.