Kadi Bila Kiti: Bima ya Meno Itazamwe Kutoka Mbangala

Mwaka jana nilikwenda Mbangala, wilayani Songwe, kumzika shangazi yangu. Usiku wa pili wa matanga, mwanawe mdogo hakulala. Ni mchimbaji wa dhahabu, kijana wa miaka 26 ambaye hushinda akipandisha mawe kutoka shimoni bila kulalamika. Usiku ule alizunguka ua hadi alfajiri akiwa ameshika shavu. "Kaka," aliniambia, "jino hili litaniua kabla duara halijaniua."

Kaya yake ilikuwa na kadi ya CHF iliyoboreshwa, ile iliyokuwa ya shilingi 30,000 kwa watu sita. Tukapanda bodaboda. Katika kituo cha kwanza hapakuwa na mtaalamu wa meno. Katika cha pili alikuwapo tabibu mwenye huruma, aliyekuwa na ganzi na koleo, basi. Alilitazama jino, akatikisa kichwa. "Ungekuja mapema lingezibika," alisema. Kisha, kwa unyofu ambao sijausahau, akaongeza: "Lakini hata ungekuja mapema, sina cha kuzibia." Jino likang'olewa. Lilikuwa la tatu.

Ndugu msomaji, nimelikumbuka jino lile nikisoma habari za mkutano wa mwaka wa watu wanaouza bima ya meno. Nchini Marekani kampuni hizo zina chama chao, National Association of Dental Plans, na kila mwaka wakuu wake hukutana kujadili bei, sheria na teknolojia za biashara hiyo. Silaumu watu kukutana kwa ajili ya kazi yao. Swali langu ni moja: katika ukumbi wa namna hiyo, mwenye jino bovu huketi wapi?

Swali hilo lina uzito zaidi ukikumbuka bima hiyo ilianzaje. Mwaka 1954 chama cha wafanyakazi wa bandari za pwani ya Pasifiki ya Marekani kilitaka watoto wa wanachama wake watibiwe meno kwa fedha za mfuko wa ustawi wa wafanyakazi. Madaktari wa meno wa majimbo ya huko wakaunda mashirika ya kuitikia dai hilo, na humo ndimo bima ya meno ya Marekani ilimokulia. Wapagazi wa bandarini ndio waliouliza swali la kwanza. Baadaye swali likahamia kwa wahasibu. Medicare, bima ya wazee iliyotungiwa sheria mwaka 1965, iliyaacha nje matibabu ya kawaida ya meno. Mipango mingi ya kampuni iliweka ukomo wa malipo wa karibu dola 1,000 kwa mwaka katika miaka ya 1970. Leo, baada ya nusu karne ya kupanda kwa bei, mipango mingi bado iko kati ya dola 1,000 na 2,000. Hivyo ndivyo inavyokuwa pale anayepanga mafao anapokuwa mbali na anayeumwa.

Kwetu meno hayana bima yake peke yake. Yamo ndani ya kitita cha mafao ya jumla. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023, na tangu hapo mijadala imekuwa juu ya nani atachangia, kiasi gani, na kadi itapatikanaje. Ni mijadala ya lazima. Lakini wahenga walisema jino la pembe si dawa ya pengo. Kadi isiyo na kiti cha tabibu wa meno, na saruji ya kuzibia kando ya kiti hicho, ni jino la pembe.

Nitaambiwa kwamba mfuko hauwezi kubeba kila kitu, na kwamba Machi 2024 tuliona jinsi bei za kitita kipya cha NHIF zilivyoleta mvutano mkali na hospitali binafsi. Nakubali kwamba fedha ni chache. Ndiyo sababu sidai meno ya bandia ya kauri kwa kila raia. Nadai kitu cha bei nafuu ambacho, kwa ajabu, kilizaliwa hapa hapa nchini. Katikati ya miaka ya 1980, wataalamu waliokuwa wakifanya kazi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianza kuziba meno vijijini kwa zana za mkono tu: walikwangua sehemu iliyooza, wakajaza saruji maalumu inayoshikamana na jino. Hawakuhitaji umeme wala mashine ya kutoboa. Njia hiyo imeenea duniani, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likaiingiza saruji ya aina hiyo, pamoja na dawa ya meno yenye floraidi, katika orodha yake ya dawa muhimu. Ulimwengu umejifunza kwetu, na sisi huku Songwe tunang'oa.

Basi hoja yangu ni hii. Wanaopanga mafao wasitosheke na kuandika "huduma ya meno" kwenye karatasi. Waandike kuziba kabla ya kung'oa. Wahakikishe fedha za saruji zinafika kwenye kituo cha afya cha kata kama zinavyofika za dawa ya malaria. Na matabibu wa meno, ambao Mbeya jirani zetu wamekuwa wakiwafundisha kwa miaka mingi, waajiriwe na kupelekwa wanakohitajika. Pia mikutano ya wadau isiishie Dodoma na Dar es Salaam. Mmoja wao ufanyike Mkwajuni, siku ya gulio, na mchimbaji apewe kipaza sauti kabla ya mwenye tarakimu.

Binamu yangu amerudi kwenye duara. Juzi alinipigia simu, tukazungumza habari za mvua na bei ya dhahabu. Nilipouliza meno, alicheka kidogo. "Kuna moja limeanza kuuma nikinywa chai," alisema. Jino hilo bado linazibika. Nani ataliziba?