Historia ya Kutus Isizikwe na Wazee

Huko Uingereza, hata kijiji kidogo chenye kanisa moja na daraja la mawe kina kumbukumbu zake. Tangu 1538 makanisa yaliamriwa kuweka daftari la waliobatizwa, waliooana na waliozikwa. Je, sisi wakazi wa Kutus tumeandika nini?

Yafaa ieleweke kwamba hatukosi historia. Kusini mwetu kuna uwanda wa Mwea, ambako mifereji ya mashamba ya mpunga ilianza kuchimbwa miaka ya 1950 kwa jasho la mahabusu wa Mau Mau. Kuanzia Juni 1954, serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu zaidi ya Wakikuyu, Waembu na Wameru milioni moja, ikawatia katika vijiji zaidi ya 800 vilivyolindwa kwa silaha.

Mwanafunzi wetu huikariri tarehe 20 Oktoba 1952, siku ilipotangazwa hali ya hatari, kisha akauvuka mfereji asijue nani aliuchimba. Aliyekuwa mtoto wa miaka kumi mwaka 1954 sasa amepita themanini. Hatungoji tena.

Walimu, kila shule na iwe na daftari lake. Wanafunzi wawahoji wazee, wachore ramani ya vijiji na mifereji, na nakala ihifadhiwe katika Chuo Kikuu cha Kirinyaga, kilicho mlangoni petu. Kazi hii haihitaji mfadhili. Yahitaji kalamu, subira na adabu ya kusikiliza.