Jino la Mtoto Mwenye Selimundu

Msimu wa pamba ukifika, kila kilo inayotoka Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima na Busega hupimwa na kuandikwa. Sisi twataka mtoto mwenye selimundu naye apimwe na kuandikwa, tena mapema, kabla jino halijamfikisha mezani pa daktari.

Ugonjwa huu mtoto huurithi kwa baba na mama, wote wawili. Nchini mwetu huzaliwa nao watoto wapatao 11,000 kila mwaka, na Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa sehemu zenye wagonjwa wengi. Damu yao ikipungukiwa oksijeni, au mwili ukikaukiwa maji, au ukipigwa na baridi, chembe nyekundu hujikunja mfano wa mundu, ule wa kuvunia mpunga, zikaziba mishipa. Basi na tumfikirie mtoto anayeng'olewa meno kwa dawa ya usingizi. Amefunga tangu usiku. Chumba kina baridi. Pumzi zake zimo mikononi mwa mtu mwingine. Hatari zote tatu zimekutana.

Wako wasemao, "Jino tu hilo!" Hatukubaliani nao hata kidogo. Jino lililooza huleta usaha na homa, na homa humwamshia mtoto huyu maumivu makali ya mifupa. Kumwacha nalo ni hatari, na kumlaza bila maandalizi ni hatari vilevile. Ama yule fundi wa mtaani amchokonoaye mtoto ufizi akidai kung'oa "meno ya plastiki", huyo hatumhesabu kuwa tabibu.

Kwa jino moja, mara nyingi ganzi hutosha. Lakini mtoto mdogo mwenye meno mengi mabovu huenda asiwe na budi kulazwa usingizi. Hapo lazima damu yake iwe imepimwa, maji yatiwe mshipani, blanketi na oksijeni viwepo, na mtaalamu wa usingizi awe anaujua ugonjwa huu. Pasipo hayo, apelekwe Hospitali ya Bugando, Mwanza.

Nani atalipa nauli ya mkulima ambaye fedha ya pamba imekwisha katika madeni? Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilitungwa mwaka 2023. Wanachama wa Simiyu wawaulize madiwani wao swali hilo, kisha waulize katika kila kliniki ya selimundu: ni nani hapa anayemtazama mtoto kinywa?