Vifaa vya Mkunga Vipande Lori la Kwanza
Mji wa Goma, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ulipotekwa mwishoni mwa Januari 2025, umeme na maji vilikatika, na uchungu wa uzazi haukungoja bunduki zinyamaze. Kinachoniuma zaidi ni friji zilizokosa umeme. Oksitosini, sindano ya kuzuia mama asivuje damu baada ya kujifungua, hutunzwa kwenye nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi. Joto likizidi, nguvu yake hupungua, na mkunga hawezi kulijua hilo kwa kukitazama kichupa. Wala si kwamba hakuna njia: karbetosini inayostahimili joto ipo, vidonge vya misoprostoli vipo. Misaada ikipakiwa, dawa hizo, glavu na taa za sola zipande lori la kwanza pamoja na unga na mahema.